Baba Analinda Forosadi

Jumatatu, 2 Septemba

Forosadi zimeanza kushika rangi. Asubuhi, kabla sijafungua mlango wa mbele kwa wateja, Baba ameniita nyuma ya nyumba nikaone. Miforosadi yetu imepangana kwenye mstari mmoja, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye ua unaotutenga na jirani, na kila mwaka Baba huipogoa isizidi kimo cha bega ili kuchuma kusiwe kazi ya ngazi. Kwenye mti wa kwanza ameinua jani kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Chini yake kulikuwa na kichala chekundu, bado kichachu.

"Mwaka huu," akasema, "hawali hata moja."

Anaowasema ni kuzumburu, wale ndege wa mikia mirefu wanaoning'inia kichwa chini, miguu juu. Mwaka jana walivamia wakatuachia vikonyo vitupu. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nina magauni ya kushona ya wapambe wa bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe kanenepa tangu nimpime. Kazi ipo.

Jumapili, 8 Septemba

Leo ilikuwa siku ya makopo. Baba ameyatoboa na kuyatundika kwenye matawi yagongane, kisha akafungua kaseti za zamani na kuvuta utepe wake kutoka mti hadi mti. Upepo ukipita, utepe unavuma. Si sauti ya muziki wala ya nyuki, ni kitu katikati.

"Hiyo kaseti ilikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Haina lebo. Kitu kisicho na lebo ni cha kutupa."

Huyo ndiye Baba. Alikaa kwenye dirisha la dawa hospitalini mpaka akastaafu, na hajawahi kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake. Humu ndani hata kopo la chumvi lina karatasi iliyoandikwa CHUMVI. Niliporudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nilimwambia, mzee wangu, nibandike na mimi. Alicheka mpaka akakohoa.

Usiku mzima nimesikia ule utepe.

Jumamosi, 14 Septemba

Bibi harusi alikuwa amesimama juu ya kigoda, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni, mara akajifunika kifua kwa mikono.

"Fundi! Kuna daktari anatuchungulia!"

Nikageuka. Dirishani, katikati ya miforosadi, kulikuwa na mtu wa koti jeupe, mikono ameitandaza. Pini karibu nizimeze. Kumbe Baba ametengeneza sanamu ya kutishia ndege, akaivisha koti lake la kazini, lile alilotunza kabatini miaka yote hii kwa dawa ya nondo na karafuu. Hajaipa kichwa. Nilipomuuliza akasema kichwa hakina kazi, ndege wanaogopa mabega.

Alhamisi, 19 Septemba

Manyunyu. Ndege wamezoea. Mmoja katua kwenye bega la koti na kujipangusa mdomo.

Jumanne, 24 Septemba

Baba ameacha makopo, sasa ni wavu. Ameshona pamoja vyandarua vikuukuu, kwa mkono wake, amekataa cherehani yangu, na ameifunika miti yote mpaka chini na kuizungushia mawe. Kutoka dirishani kwangu inaonekana kama maiti zilizosimama. Sipendi kuandika hivyo lakini ndivyo inavyoonekana.

Asubuhi nyoka amenasa. Mwembamba, wa kijani, alijipenyeza kwenye tundu moja akajaribu kutokea jingine, na kila alivyovuta ndivyo uzi ulivyomkata. Baba alikuwa ameweka kiti mbele yake anamtazama.

Jirani akaja uani. Huyu ni mwalimu mstaafu wa watoto wadogo, sisi sote tunamwita Mwalimu. Anaishi peke yake na paka wake wa rangi ya majivu, na ni mwanamke wa kutia neno kila mahali.

"Mzee, mkatie huyo kiumbe nyuzi, au mmalize," akasema. "Usimwache hivyo."

"Ni wako?" Baba akamuuliza.

"Si wangu."

"Basi acha wenzake wamwone."

Nilimheshimu Baba, nikarudi kwenye cherehani. Saa ya chakula, alipojilaza, nilichukua mkasi wa zamani nikamkata nyoka kutoka kwenye nyuzi. Alikuwa bado na uhai kidogo. Halafu hakuwa nao.

Jumamosi, 28 Septemba

Mti wa mwisho, ule wa uani, umeliwa. Wavu haujachanika, mawe yako mahali pake, na forosadi zote zilizokuwa zimeiva hazipo. Baba alinizungusha mti mzima, akanionesha kila jiwe.

"Ndege hainui jiwe," akasema. "Panya harudishi jiwe. Huyu ana mikono."

Akatazama ng'ambo ya ua.

Niseme kweli, niliamini. Mwalimu alishawahi kusema kwamba tawi likivuka ua, tunda ni la wote. Nikaenda kwake na kumwambia maneno ambayo fundi mwenye wateja hapaswi kuyasema mlangoni pa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, amemkumbatia paka wake.

"Umemaliza, mwanangu? Sasa na mimi nikuambie. Jana baba yako alisimama hapo hapo uani, anachuma, anakula. Nikamsalimu. Akaniuliza, mama, wewe ni mgeni hapa?"

Nikamwambia asimzushie baba yangu uzee. Nikaondoka. Nimekaa na hasira hadi sasa hivi ninapoandika.

Jumanne, 1 Oktoba

Joto. Forosadi zinaiva kwa kasi. Baba hataki tuchume, anasema bado.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tulikuwa mezani mchana. Baba kaweka kijiko chini, katazama nje kupitia dirisha la jikoni.

"Yule kijana wa zamu mbona haingii kula?"

"Kijana yupi, Baba?"

"Yule pale." Akaonesha lile koti jeupe. "Tangu asubuhi yuko juani. Mwiteni ale, nitamshikia dirisha."

Nikangoja acheke. Nikangoja sana. Mwishowe nikasema, ameshakula, Baba. Akaridhika, akaendelea kula.

Nikampigia simu Kaka. Yeye ndiye mkubwa, na yuko mbali, na watu walio mbali huona kila kitu ni kidogo.

"Uzee huo, mdogo wangu. Mimi mwenyewe kila siku natafuta funguo nikiwa nimezishika."

"Kaka, hajasahau funguo. Amemwita koti aje kula."

"Nitakuja nikipata nafasi. Usikuze mambo."

Nilipokata simu nilimkumbuka Mwalimu, jinsi nilivyomwacha mlangoni na paka wake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamka na kujua kuna kitu hakipo. Ilinichukua muda kujua ni nini. Hakukuwa na sauti ya ndege hata mmoja.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Vyandarua vilikuwa vimevuliwa vyote na kukunjwa vizuri juu ya kiti. Miforosadi iko wazi, imejaa matunda meusi tii, matawi yameinama. Na chini yake ndege. Kuzumburu, shore, wengine wadogo nisiowajua, mabawa wazi, mdomo wazi. Baba alikuwa anawaokota na kuwaweka kwenye beseni, mmoja mmoja, kwa vidole viwili, kwa uangalifu uleule aliokuwa akihesabia vidonge.

"Dawa imefanya kazi," akasema.

"Dawa gani?"

"Dawa."

Nikaingia stoo yake. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake: MISUMARI, GUNDI, KAMBA. Nyuma ya rafu kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, lebo imebanduliwa, haina jina lolote, na ndani yake si dawa ya kikohozi. Harufu yake ilinishika kooni kabla sijafungua kizibo vizuri. Nilisimama pale na hiyo chupa mkononi. Huyu ni mtu aliyenichapa utotoni kwa kuweka maji kwenye chupa ya mafuta ya taa.

"Umenyunyiza mti upi, Baba?"

"Ule wa uani. Wa mwizi."

Nikashusha pumzi. Lakini kindi nimemkuta amekufa chini ya mti wa pili, karibu na jikoni, na shore mwingine chini ya wa kwanza. Nikarudi, nikamshika mikono yote miwili.

"Baba wangu, nitazame. Mti upi?"

Akaitazama ile miti. Akaitazama tena. Niliona uso wake ukitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza. Kisha ukajifunga.

"Sijanyunyiza kitu chochote. Nani kanyunyiza miti yangu?"

Nimemwaga kila kilichokuwa kwenye friji. Nimesugua masinki, meza, mikono yake na yangu. Nikamwambia nataka kuikata miti leo hii, na Baba, ambaye hajanipandishia sauti tangu niwe mtu mzima, akasimama mbele ya mti wa kwanza na panga.

"Atakayegusa miti yangu si mtoto wangu."

Sikuigusa. Kaka anasema atafika wikiendi ijayo, tutaikata pamoja. Stoo nimeifunga, na ufunguo unalala shingoni mwangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda duka la dawa za kilimo na ile chupa. Muuzaji akainusa kwa mbali akasogea nyuma.

"Hii haioshwi na mvua, dada. Wala kwa maji ya bomba. Ni ya mzee mmoja mtanashati? Alisema ni ya kunguni."

"Ndiye."

"Alirudi akanunua nyingine."

Chupa ya pili sijaiona. Nimepekua nyumba nzima, hadi ndani ya viatu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mwalimu amekuja na paka wake ndani ya taulo. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Nimemkuta amelala kwenye ngazi zangu, kashika panya mdomoni," akasema. "Fundi, kuna nini huko kwenu?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Nilifungua mdomo niseme yote, nikamwona Baba amekaa pale sebuleni, miguu pamoja, anatabasamu kama mgeni asiyejua kinachozungumzwa. Nikaona aibu. Si kwa ajili yangu, kwa ajili yake, mtu wa dirisha la dawa.

"Baba alitega sumu ya panya," nikasema. "Pole sana, Mwalimu."

"Ya panya tu?"

"Ya panya."

Akanitazama. "Mfungie mzee, mwanangu. Sisemi kwa ajili yangu. Kwa ajili yake."

Tumemzika paka pamoja, upande wake wa ua. Mwanamke huyu niliyemwita mbeya alinishika mkono wakati wa kushuka ngazi ili nisiteleze.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kaka hakuja. Gari lake limeharibika. Jumanne, anasema.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika hospitalini, kwenye benchi, nyuma ya karatasi za vipimo vya nguo. Nitazibandika baadaye.

Bibi harusi alikuja kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Nilikuwa namfunga vifungo vya mgongoni. Baba akapita kuelekea nyuma akiwa amevaa shati safi, amenyoa. Nikafurahi. Nilimwambia hata bibi harusi, mzee leo ameamka vizuri. Vifungo vyenyewe ni vile vidogo vya kuviringisha kitambaa, vinataka macho na subira, na mimi niliwapa hivyo vifungo macho na subira yangu yote.

Baba akarudi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakunja mikono.

"Nimetoka kwa jirani," akasema. "Nimempelekea forosadi. Maskini, amefiwa."

Sikumbuki kutoka mlangoni. Nakumbuka ua, nakumbuka nilivyouruka na sketi ikachanika.

Mwalimu alikuwa jikoni kwake, mezani, na bakuli letu zuri la kioo, la wageni, limebaki nusu. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya zambarau.

"Karibu," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Baba yako kaniomba radhi ya paka. Amesema kaziosha mwenyewe. Sikutarajia, kwa kweli. Tamu mno mwaka—"

Nikampokonya bakuli. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa sentensi moja, ile niliyoshindwa kuisema Ijumaa.  Alisimama, akaenda kwenye sinki, kisha akaanza kutoa jasho, jasho la kutiririka, na mate, na mikono yake ikawa inatetemeka yenyewe.

Bibi harusi ndiye mwenye gari. Alitufuata hadi mlangoni, vifungo nusu vimefungwa, pini zimemjaa kiunoni, na hakuuliza kitu. "Mwingizeni nyuma," akasema. Ameendesha na gauni jeupe limekusanywa mapajani, anapiga honi njia nzima, anatukana kila mwenye gari aliyechelewa kupisha, na kila akipiga kona alikuwa anapiga yowe kwa sababu ya pini. Mimi nyuma nimempakata Mwalimu, namwita. Mate yake yamelowesha mkono wangu. Alikuwa ananitazama lakini kitone cheusi cha macho kimekuwa kidogo, kama tundu la sindano.

Daktari akauliza amekula nini. Nikampa jina aliloniambia muuzaji. Akakimbia. 

Bado hawajatuambia kitu. Bibi harusi amekaa pembeni yangu. Gauni lina matapishi na madoa ya zambarau. Nimemwambia nitalishona upya. Kasema, "Fundi, nyamaza tu."

Nimegundua nimemwacha Baba nyumbani peke yake, na miti.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwalimu ameongea. Ameomba maji na miwani yake. Daktari anasema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunasema mengine.

Kaka alifika Jumanne jioni. Hakuniambia tena kwamba nakuza mambo. Jana tumevaa glovu, tumefunga vitambaa usoni, tumeikata miforosadi yote na kung'oa visiki. Muuzaji wa dawa alitukataza kuchoma, moshi wake nao ni sumu, kwa hiyo tumechimba shimo refu tukafukia majani, matunda, vyandarua, kila kitu. Tulipolivua lile koti jeupe, kitu kikagonga. Chupa ya pili ilikuwa mfukoni. Haikuwa imejaa.

Baba alikuwa kwenye kiti, anatutazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa panga, kwa laana. Akauliza tu kwa adabu:

"Mnakata miti ya nani, vijana?"

Kaka akaacha jembe, akaenda mbele ya nyumba. Alikaa huko kwa muda.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeshona mpaka macho yanawaka. Gauni jipya limekwisha. Bibi harusi amelivaa, amejizungusha, kisha ameniuliza hali ya mgonjwa kabla hajauliza kioo kiko wapi.

Jumatano, 30 Oktoba

Mwalimu karudi kwake. Nimempelekea uji. Ameupokea, ameuweka mezani, hakuugusa. Sikumlaumu.

Nikakiri kwamba nilimdanganya kuhusu panya. "Najua," akasema. "Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri pale kitandani." Mikono yake bado inatetemeka kidogo, ameificha chini ya meza.

"Kuna jambo moja tu," akasema. "Alikusudia?"

"Mwalimu, mimi sijui. Siku zile alikuwa hajui hata—"

"Alikumbuka paka. Alikumbuka njia ya kuja kwangu. Alivaa shati." Akatazama nje, upande wetu. "Sitamshitaki. Nataka kujua tu ninaishi jirani na mgonjwa au na mtu aliyetaka nife. Muulize. Hata akikujibu vibaya, niletee vilevile."

Jumapili, 3 Novemba

Kaka anataka kumchukua Baba kwake. Baba amekataa, na mimi sikumsaidia Kaka kumshawishi. Huyu ni wangu.

Siku tatu nimengoja asubuhi ambayo yuko wazi. Zipo bado, asubuhi za namna hiyo, zinazidi kuwa chache. Leo ameamka ananiita jina langu la utotoni, ameuliza biashara inaendaje, ametazama uwanja mtupu nyuma ya nyumba na kusema, "Mmeikata. Mmefanya vizuri." Nikavuta kigoda nikaketi miguuni pake.

"Baba, siku ile uliyompelekea Mwalimu forosadi. Ulijua zina dawa?"

Hakukasirika. Alitazama viganja vyake.

"Nimelitafuta hilo," akasema. "Nikiwa mzima kama hivi, ndilo ninalolitafuta. Nakumbuka nilichagua bakuli zuri. Nakumbuka nilinyoa. Nakumbuka niliposimama mlangoni kwake kupiga hodi nilikuwa na furaha, mama. Furaha ya ndani kabisa."

"Furaha ya nini?"

Alifikiri sana. Nilimwona anatafuta kweli, hakunificha kitu.

"Ndiyo hapo. Furaha ninayo. Sababu yake ndiyo sinayo."

Kisha akaniomba nisimwambie Mwalimu.

Nilikwenda. Nilikuwa nimeahidi. Nilisimama kwenye kizingiti chake nikamrudishia maneno ya Baba kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza. Alisikiliza akiwa ameshika ubao wa mlango.

"Asante," akasema. "Mwambie namsalimu."

Sikuwa nimefika kwenye ngazi ya mwisho nikasikia ufunguo ukizunguka nyuma yangu, kisha komeo, kisha madirisha ya upande wetu yakifungwa, moja baada ya jingine. Ilikuwa mchana kweupe.

Nilipogeuka kuelekea nyumbani, Baba alikuwa amesimama dirishani kwangu, ananipungia mkono.